Soichiro Honda: mutoto wa fundi wa chuma aliyefundisha pikipiki ndogo kupanda mulima

Tuseme pikipiki mbili zimesimama chini ya mulima. Motere zao ziko na ukubwa sawasawa, na kila moja inabeba watu wawili. Kisha moja inachomoka, na ingine inalia tu, inafika juu polepole kama imechoka. Watu wengi wanasema ile ya kwanza iko na nguvu za farasi nyingi zaidi. Mara ingine ni kweli. Lakini mara nyingi jibu liko fasi ingine: ndani ya buate ya vitesi na kwenye meno ya pinyo.

Kuko mutu aliyetumia karibu maisha yake yote kwa kutafuta jibu la swali kama hilo. Hakumaliza masomo makubwa, hakuzaliwa katika jamaa ya watajiri. Jina lake linasomwa leo kwenye tanki za pikipiki katika dunia nzima: Soichiro Honda.

Harufu ya mafuta

Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na muji wa Hamamatsu, inchi ya Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa fundi wa chuma, na kisha akaanza kutengeneza kinga. Mama yake, Mika, alikuwa anafuma vitambaa. Mutoto alikomalia kati ya moto, nyundo na sheni za kinga zilizokatika.

Siku gari ya kwanza ilipita katika kijiji chao, Soichiro aliikimbilia nyuma. Gari ilidondosha mafuta kwenye njia, na yeye akainama kunusa yale mafuta. Alipokuwa muzee alikuwa angali anakumbuka ile harufu.

Masomo hayakumuvuta sana. Mwaka wa 1922, akiwa na miaka 15, alienda Tokyo kutafuta kazi katika garaji iliyoitwa Art Shokai. Alifikiri atashika ufunguo siku ya kwanza. Badala yake, miezi ya kwanza alipewa kubeba mutoto wa patro na kufagia. Wengine wangerudia njia. Yeye alivumilia, akawa anaangalia mikono ya mafundi wakati mutoto analala kwenye mugongo wake.

Mwaka wa 1923 tetemeko kubwa la inchi liliharibu Tokyo. Garaji iliungua, wafanyakazi wengi wakarudi kwao, na Honda akabaki kati ya wachache waliotengeneza magari yaliyoungua. Pale njo alijifunza kazi kweli. Patro wake, Yuzo Sakakibara, alipenda mashindano ya mbio. Pamoja walijenga gari la mbio lenye motere kubwa ya ndege, na mwaka wa 1924 lile gari lilishinda, Honda akikaa pembeni ya dereva kama makanika.

Mwaka wa 1928 alirudi Hamamatsu kufungua tawi la ile garaji. Alikuwa na miaka 21. Mwaka wa 1936 aliingia yeye mwenyewe katika mashindano ya Tamagawa, karibu na Tokyo, pamoja na mudogo wake. Gari lao lilipiga ingine kwa mbio kubwa. Wote wawili waliumia, na mudogo wake zaidi. Honda aliona siku ile kama mbio bila kipimo inaweza kumaliza mutu.

Pete 50, nzuri 3

Kisha akaacha kutengeneza magari ya watu, akaanza kutengeneza vipande: pete za pistoni, zile sekma zinazofunga nafasi kati ya pistoni na silinda. Kama pete haifungi vizuri, nguvu ya mulipuko inapotea, na farasi zinakimbia mbele hazijafika kwenye buate.

Pete zake za kwanza zilikuwa mbaya. Hakujua chuma kinachanganywa namna gani. Akiwa mutu muzima, patro mwenye wafanyakazi wake, alirudi kwenye masomo katika shule ya ufundi ya Hamamatsu. Alipopeleka pete 50 kwa Toyota ili zipimwe, ni 3 tu zilizokubaliwa. Ilimuomba kazi ya miaka ingine mbele ya kufikia kipimo.

Vita vikaja, mabomu yakaanguka Hamamatsu, na mwanzo wa mwaka wa 1945 tetemeko likabomoa uzini wake mwingine. Vita vilipoisha, aliuzisha kampuni yake kwa Toyota kwa yen 450,000, akakaa mwaka muzima karibu bila kazi.

Motere ya radio juu ya kinga

Mwaka wa 1946 Japani ilikuwa na njaa. Treni zilijaa, magari yalikuwa machache, esanse ilikuwa ngumu kupata. Watu walienda kutafuta chakula vijijini kwa kinga, wakipanda milima na mizigo. Honda alikutana na motere ndogo ambazo jeshi lilikuwa linatumia kwa kuwasha radio zake. Akafunga moja kwenye kinga. Bibi yake, Sachi, njo alikuwa kati ya watu wa kwanza kuipanda katika barabara za Hamamatsu, ili watu waone kama hata mama anaweza kuiendesha.

Watu waliipenda. Lakini ile kinga ya motere ilikuwa na shida moja kubwa: nguvu kidogo, na hakuna vitesi za kubadilisha. Kwenye tambarare ilienda vizuri. Kwenye kuanza na kwenye mulima, mutu alipashwa kusaidia na pedali.

Hapa inafaa kuelewa farasi ni nini. Katika karne ya 18, James Watt, mutu wa Scotland, alitaka kuonyesha wateja wake kama mashini yake ya mvuke inafanya kazi ya farasi ngapi. Kile kipimo kikabaki. Katika inchi zinazohesabu kwa kilo na metre, nguvu ya farasi moja ni kuinua kilo 75 mupaka metre 1 juu katika sekunde 1. Kwa hiyo hesabu ya farasi inasema kazi gani inafanyika kwa sekunde. Kama kilo zinaongezeka na farasi zinabaki zile zile, kupanda kunachukua wakati murefu zaidi. Hakuna fundi anayeweza kuepuka hiyo hesabu.

Lakini kuko jambo la pili. Motere haitoi farasi zake zote kila wakati. Motere ya esanse ikizunguka polepole inatoa kidogo, ikizunguka mbio inatoa zaidi, mupaka inafika kwenye kilele chake. Kisha inaanza kushuka. Kazi ya vitesi ni kuacha motere izunguke karibu na kile kilele hata kama gurudumu lingali linazunguka polepole. Katika vitesi ya kwanza, motere inazunguka mara nyingi ili gurudumu lizunguke mara moja: mwendo ni mudogo, lakini msukumo ni mukubwa. Katika vitesi ya juu, inakuwa kinyume. Ni sawa na njia mbili za mulima: ile inayopanda moja kwa moja ni fupi na inavunja magoti, ile inayozungukazunguka ni ndefu lakini mutu anapita na gunia lake.

Vitesi haziongezi hata farasi moja. Zinaamua tu kama farasi ulizo nazo zinafanya kazi wakati unazihitaji.

Kutoka Dream mupaka Hakone

Tarehe 24 Septemba 1948 kampuni ya Honda Motor ilianzishwa. Mwaka uliofuata ikatoka pikipiki yake ya kwanza kamili, Dream D: motere ya sentimetre kube 98, farasi 3, vitesi 2. Haikuwa na mukono wa ambreyaje. Ilikuwa wazo nzuri, lakini ili kubaki katika vitesi ya chini, mutu alipashwa kukanyaga pedali wakati wote. Kwenye mulima murefu muguu ulichoka. Wateja wakalalamika, na mauzo yakashuka.

Katika ule mwaka wa 1949 Honda alipata mwenzake wa kazi, Takeo Fujisawa. Honda alijua chuma, Fujisawa alijua feza. Waligawana kazi hivyo kwa miaka zaidi ya 20, na hakuna aliyeingilia sana upande wa mwingine.

Mwaka wa 1951 wakatoa Dream E, yenye motere ya temps 4, sentimetre kube 146, farasi 5.5. Ili kuipima, walichagua mulima wa Hakone, uliokuwa unashinda hata magari mengi ya wakati ule. Tarehe 15 Julai 1951, katika mvua kubwa na upepo, kijana Kiyoshi Kawashima aliipandisha mupaka juu. Honda na Fujisawa walifuata nyuma katika gari kubwa la Marekani, lakini hawakuweza kumufikia. Walipofika juu, motere ya pikipiki ilikuwa nzima. Farasi 5.5 tu, lakini mwenye kupanda alikuwa kijana mumoja tu, na pikipiki haikubeba mzigo wa bure. Nguvu inahesabiwa kila mara pamoja na kilo inazobeba.

Mwaka wa 1954, karibu kila kitu kianguke

Honda na Fujisawa walikuwa wameagiza mashini za uzini kutoka Marekani na Ulaya kwa feza kubwa: yen milioni 450, wakati kampuni ilikuwa na mutaji mudogo sana. Kisha, mwaka wa 1954, mambo yakaharibika kwa pamoja. Dream ilikuwa imeongezwa motere mupaka sentimetre kube 225 ili ipate nguvu zaidi, lakini ikaanza kuzima njiani. Skuta yao mupya, Juno, ilionekana nzuri kwa macho, lakini ilikuwa nzito sana kwa nguvu zake, na motere iliyofunikwa haikupata hewa ya kutosha, ikawa inapata moto kupita kiasi. Watu hawakuinunua.

Wafanyakazi waliogopa kukosa mushahara. Honda alitafuta ugonjwa wa Dream usiku na muchana, mupaka akagundua kama shida ilikuwa kwenye karbireta. Kuongeza ukubwa wa motere hakukusaidia kitu wakati esanse haiingii kwa kipimo chake.

Katika ile shida, alikuwa ametangaza jambo lililoonekana kama wazimu: Honda itaingia katika mashindano ya Isle of Man, kisiwa cha kati ya Uingereza na Irlandi, fasi pikipiki bora za dunia zilikuwa zinashindana. Alienda kule katikati ya 1954 kuangalia. Aliona pikipiki za Ujerumani na Italia zinatoa farasi karibu mara tatu kuliko zake kwa motere ya ukubwa mumoja. Alirudi nyumbani na mizigo ya vipande alivyonunua: sheni, jante, tairi, karbireta. Alielewa kama farasi nyingi bila sheni nzuri ya kuzifikisha kwenye gurudumu ni kazi ya bure.

Vitesi 3 kwa wote, vitesi 9 kwa mbio

Ilichukua miaka 5. Mwezi wa Juni 1959 Honda ilishindana Isle of Man kwa mara ya kwanza, katika daraja la 125. Naomi Taniguchi alifika wa 6, wenzake wakawa wa 7, wa 8 na wa 11, na wakapata zawadi ya timu. Mwaka wa 1961 pikipiki za Honda zilichukua nafasi 5 za kwanza katika daraja la 125, na tena nafasi 5 za kwanza katika daraja la 250. Mike Hailwood alishinda yote mawili.

Siri yao ilikuwa mizunguko. Kwa motere ndogo, njia moja ya kupata farasi nyingi ni kuifanya izunguke mbio sana. Mwaka wa 1966 Honda ilikuwa na pikipiki ya 250 yenye silinda 6, iliyotoa farasi karibu 60 kwa mizunguko 18,000 kwa dakika. Ile ya 50, motere ndogo kabisa, ilizunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika.

Lakini ile njia iko na bei yake. Motere ya namna hiyo inatoa nguvu katika nafasi ndogo tu ya mizunguko. Ikishuka kidogo chini ya pale, inakufa katika mikono ya dereva. Kwa hiyo ile ya 250 ilipewa vitesi 7, na ile ya 50 vitesi 9. Dereva alikuwa anabadilisha bila kupumzika ili motere isitoke katika nafasi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wakuu wa mashindano waliona ile mambo imezidi, wakaweka sheria ya kutopita vitesi 6.

Na wakati ule ule, Honda yule yule alitengeneza kitu kilicho kinyume kabisa. Mwaka wa 1958 ilitoka Super Cub: sentimetre kube 49, farasi 4.5, vitesi 3 tu. Haikuwa na mukono wa ambreyaje. Ambreyaje ilijifunga yenyewe wakati motere inaongeza mizunguko. Ilifikiriwa hata kijana anayepeleka chakula kwa wateja, mukono mumoja ukiwa umebeba sahani, aweze kuiendesha. Motere yake ilikuwa mupole, iliyokubali kosa la dereva, na pikipiki yenyewe ilikuwa nyepesi. Kwa hiyo vitesi 3 zilitosha. Mwaka wa 2017, miaka mingi kisha kifo chake, hesabu ya pikipiki za Super Cub zilizotengenezwa ilifika milioni 100.

Yule aliyejenga vitesi 9 na yule aliyejenga vitesi 3 ni mutu mumoja. Hakuuliza vitesi ngapi ni nzuri. Aliuliza motere inatoa nguvu yake fasi gani, inabeba kilo ngapi, na ni nani anaiendesha.

Hesabu ya pinyo

Ile swali motari wa Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia anakutana nayo kila siku, hata kama pikipiki yake haina jina la Honda. Timu za mbio zilikuwa zinabadilisha pinyo kufuatana na njia ya kila mashindano, na hesabu ni ile ile katika garaji ya kando ya barabara.

Tuseme pinyo ya mbele iko na meno 14, na ile kubwa ya nyuma meno 42. Gawanya 42 kwa 14: inatoka 3. Ukiweka mbele pinyo ya meno 13, inakuwa karibu 3.23. Msukumo kwenye gurudumu unaongezeka karibu 8 kwa mia katika kila vitesi. Pikipiki inachomoka vizuri zaidi na inapanda mulima na mizigo, lakini kwa mwendo ule ule motere inazunguka zaidi, inalia zaidi, na kwenye tambarare inafikia mwisho wake mapema. Ukiweka pinyo ya meno 15, inakuwa 2.8. Motere inapumzika kwenye barabara nzuri, lakini mulima unakuwa murefu.

Kwa hiyo anayeweka pinyo kubwa mbele ili kupata mbio, kisha anapandisha abiria wawili na gunia, anajiibia mwenyewe. Motere inazunguka chini ya kilele chake, dereva anaongeza gazi, ambreyaje inateleza na kuungua. Farasi hazikupotea, zimezuiwa kufanya kazi. Na anayeweka pinyo ndogo asifikiri amenunua farasi mupya. Amebadilisha tu mwendo kwa msukumo. Ndiyo maana pia breki haziongezeki nguvu wakati pinyo inabadilika, na kilo zinazopandishwa juu zitapashwa kushuka.

Muzee alikubali kushindwa

Mwaka wa 1969 Honda ilitoa CB750: silinda 4, farasi 67, vitesi 5, na breki ya diski mbele. Ilikuwa na nguvu ya kutosha katika mizunguko ya chini na ya juu, na mutu yeyote mwenye feza angeweza kuinunua dukani.

Lakini Honda mwenyewe alianza kukosea. Aliamini sana motere zinazopozwa na hewa, hata kwa magari, wakati mainjinia vijana walitaka maji. Mwaka wa 1968 gari lake la mbio linalopozwa na hewa lilipata ajali katika mashindano ya Ufaransa, na dereva Jo Schlesser akakufa. Gari ingine ya barabara yenye kupozwa na hewa, iliyotoka 1969, ilikuwa nzito na ngumu, haikuuzika vizuri. Mwishowe muzee alikubali. Vijana walifanya motere yao ya maji, na ile motere ikasaidia kampuni kuingia katika soko la magari ya dunia.

Mwaka wa 1973 Honda na Fujisawa walitoka kazini siku moja. Hakuna aliyeacha kiti kwa mutoto wake. Walikuwa wamekubaliana hivyo zamani. Kiti cha mukubwa kilipewa Kawashima, yule kijana aliyepanda Hakone katika mvua. Honda alitumia muda wake wa kwanza wa kupumzika akizunguka katika Japani, kwenye mauzini na maduka mengi, kushika mikono ya wafanyakazi na kuwashukuru. Mafundi walioficha mikono yao juu ya mafuta, aliwashika vile vile.

Alikufa tarehe 5 Agosti 1991, akiwa na miaka 84. Alikuwa amekataza kampuni ifanye mazishi makubwa. Sababu yake ilikuwa rahisi: mutu aliyeishi kwa kutengeneza pikipiki na magari hapashwi kufunga barabara kwa watu wengine siku ya kifo chake.